Kura Saba za Kata ya Kumi na Moja

Verna Hergert alinifundisha kufungua bahasha kabla hajanifundisha kitu kingine chochote. Bahasha unailaza kifudifudi, jina la mpiga kura likitazama meza. Unaichana kwa kisu butu, unaitoa karatasi ya kura ikiwa imekunjwa vilevile, unaisukuma kushoto kwa mwenzako. Bahasha tupu inakwenda kulia. Jina limekwenda huku, kura imekwenda kule, na tangu hapo hazikutani tena.

Mwaka wangu wa kwanza niliikunjua moja, nikitaka tu kuinyoosha. Verna akanichapa vidoleni kwa rula ya mbao.

"Jicho lako lina njaa, Renata? Hukulishwa kwenu?"

Kila uchaguzi, kwa miaka thelathini, ofisi yetu ya karani wa kaunti ilimwita Verna aje kusimamia meza ya bahasha. Wengine walikuja na kuondoka, makarani wawili walistaafu, yeye alibaki na rula yake. Mwaka alioumwa hakuja. Alipigia kura nyumbani kama sote tunavyofanya huku: karatasi zinakuja kwa posta, unazijaza jikoni kwako, unazirudisha kwenye sanduku la chuma mbele ya jengo la kaunti. Alirudisha yake tarehe kumi na tisa Oktoba. Akafa tarehe ishirini na saba. Katika jimbo letu kura ya mtu aliyeirudisha akiwa hai inahesabiwa hata kama siku ya uchaguzi ikimkuta kaburini, na ya Verna ilihesabiwa.

Wiki ya kwanza ya Desemba mumewe akasimama mbele ya kaunta yangu. Lyle Hergert ni mtu mrefu aliyeinama kidogo, kama aliyezoea milango ya chini. Alikuwa amevua kofia yake ya kampuni ya mbegu na alikuwa anaipinda kwa mikono miwili.

"Nimesoma gazetini," alisema, "kwamba siku hizi mtu yeyote anaweza kuja kuziangalia kura."

"Picha zake, mzee Lyle. Kweli."

"Basi nimekuja kuiangalia ya Verna."

Twyla Stroh, karani mwenyewe, aliyasikia hayo akiwa mezani kwake nyuma yangu. Twyla ana miaka sitini na mbili na sauti ya kuita ng'ombe. Akaja akasimama kando yangu.

"Lyle, hiyo kofia ivae au iweke chini. Unaikamua kama nguo ya kufua."

Akaiweka juu ya kaunta. Ikabaki imepinda.

Gazeti lilikuwa limesema kweli, ila halikusema yote. Mtu mmoja wa mjini, Corliss Vane, alikuwa ameandika barua kwa kila kaunti akitaka picha za kura zote, kwa kuwa haamini mashine za kuhesabia. Mashine ile huipiga picha kila karatasi inayopita, na sheria inasema picha hizo ni mali ya umma. Anayeomba anapewa. Lakini hapewi mpaka mtu ameketi akazipitia moja baada ya nyingine, na kufunika kwa weusi chochote kinachoweza kumfichua aliyepiga. Mtu huyo alikuwa mimi. Kura elfu moja mia tisa na kumi na nne. Hungeamini watu wanaandika nini kwenye karatasi isiyotakiwa kuandikwa jina. Wapo wanaotia saini chini kabisa kana kwamba ni hundi. Mmoja aliandika namba yake ya simu, tumpigie kama hatumwelewi.

Twyla alimweleza yote hayo. Akamweleza pia kwamba hakuna karatasi yenye jina la Verna, haipo, haikuwahi kuwepo.

"Jina silihitaji," Lyle alisema. "Mwandiko wake nitaujua hata gizani. Na najua mahali alipoandika. Ni pale kwenye bodi ya makaburi, ambapo hakugombea mtu, ukaachwa mstari mtupu wa kuandika jina la umtakaye."

Kisha akatusimulia, akiniangalia mimi zaidi kuliko Twyla. Katika ndoa yao ya miaka hamsini na mmoja hawakuwahi kuambiana walimpigia nani. Kila jioni ya kujaza kura Verna aliisimamisha trei yake ya kuokea katikati ya meza, akaiegemeza kwenye mkebe wa sukari, mmoja akakaa upande huu na mwenzake upande ule. Jioni ile ya mwisho vidole vyake vilikuwa havishiki vizuri. Kalamu ilimwanguka mara mbili. Lyle aliisikia ikikwaruza pale kwenye mstari mtupu kwa muda mrefu, mrefu kuliko jina lolote la binadamu. Halafu Verna akacheka peke yake.

"Nikamuuliza, unaandika nini huko? Akaniambia, shughulika na karatasi yako, bwana wewe." Akaigusa kofia yake. "Baada ya hapo hakuandika tena. Hata orodha ya duka niliandika mimi. Kila alichoniandikia nimeshakisoma, Renata. Barua za jeshini, kadi, vibandiko vya chupa za jamu. Kimebaki kile tu."

Twyla akasema sauti yake ikiwa chini. "Kata yenu ya Kumi na Moja haitoki kabisa, Lyle. Nyie mlio ng'ambo ya mfereji mna bodi yenu ya makaburi, kwa hiyo karatasi yenu si sawa na ya mtu mwingine yeyote. Mlipiga kura saba. Zikiwa chini ya kumi hazitolewi hata zikifunikwa, maana kila mtu atakisia ni nani na nani. Hata huyo Vane hatazipata."

"Mtu wa mjini asiyemjua hata kwa sura anapewa kura za kaunti nzima. Mimi niliyelala naye miaka hamsini na mmoja ninyimwe moja."

"Yeye hajui kura yoyote ni ya nani. Ndiyo maana anapewa. Wewe unajua."

Lyle alichukua kofia yake na kutushukuru, kama watu wa huku wanavyofanya hata unapowafungia mlango.

Mimi nilikuwa sijasema neno, kwa sababu maneno yale nilikuwa nimeshayasoma. Wiki ya uchaguzi, mashine inapokuta kitu kimeandikwa kwa mkono inatutupia sisi tukikague. Mmoja anasoma kwenye kompyuta, mwingine anatia alama kwenye fomu. Zamu ile nilisoma mimi, Twyla akatia alama. Kama si jina la mtu aliyejiandikisha kugombea kwa kuandikwa kwa mkono, msomaji anasema neno moja tu: halihesabiki. Ilipokuja karatasi ya Kata ya Kumi na Moja niliutambua mwandiko kabla sijausoma. Ulikuwa unatikisika, lakini ile R ilikuwa ni yake, yenye mguu mrefu uliotoka nje ya mstari. Nikasoma. Nikasema, "Halihesabiki." Twyla akatia alama na tukaendelea na ya pili, mimi nikiwa nimeuma ulimi.

Alichoandika sitakisema hapa. Kama ndicho unachosubiri, bora nikuambie mapema.

Siku tisa baada ya kukataliwa Lyle alirudi na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amenyoa na kuvaa shati la kanisani. Akaikunjua juu ya kaunta na kuisukuma kwa Twyla.

"Nimezunguka," alisema.

Alikuwa amekwenda kwa kila mpiga kura wa ng'ambo ya mfereji. Nyumba zenyewe ni nne, lakini kati ya moja na nyingine kuna maili za ngano. Amekaa jikoni kwa kila mtu, amekunywa kahawa, ameeleza shida yake. Kila mmoja ameandika kwamba anakubali kura yake ionekane, akatia saini. Weimer na mkewe. Dada wawili wa shamba la nyuki. Mjane Ottilie Kramm, mwenye miaka tisini na mmoja. Weimer alikuwa ameongeza chini: *Nimempigia mpumbavu yuleyule wa siku zote, dunia nzima inajua.* Saini ya sita ilikuwa ya Lyle mwenyewe.

"Uliniambia zinafichwa ili kuwalinda watu," alimwambia Twyla. "Hao hapa watu. Wamesema hawataki kulindwa."

Twyla alisoma majina yote kwa kidole. Niliona shingo yake ikibadilika rangi. Si kwa hasira, nadhani alikuwa anatafuta mahali pa kuanzia.

"Lyle, keti."

"Nimezoea kusimama."

"Basi simama. Hawa watu ni wema na wewe umefanya kazi kubwa. Lakini angalia ulichofanya. Kura ni saba. Sita zikifunguliwa, zikajulikana hii ya huyu na hii ya yule, ile moja iliyobaki inakuwa ya nani?"

Lyle aliitazama ile karatasi ya daftari.

"Zikiwa zimefungwa zote, Verna yuko katikati ya wenzake sita. Ukiwaondoa hao wamemwacha peke yake barabarani."

"Angesaini."

"Nani, Verna? Mimi nimekaa meza moja na huyo mwanamke miaka kumi na nane. Aliwahi kumtoa nje kamishna wa kaunti kwa kuinamia meza. Verna huyo angesaini?"

Kona ya mdomo wa Lyle ilicheza. "Alimtoa kwa rula?"

"Kwa kumtazama tu. Rula ilikuwa mkononi."

Lyle akacheka, kicheko kikamgeuka kikawa kilio, akakaa kwenye kiti alichokikataa. Twyla akazunguka kaunta akakaa kando yake. Walikaa hivyo kama dakika kumi, wakiangalia ramani ya kaunti ukutani. Mtu mmoja aliingia kutaka kibali cha ndoa nikamhudumia kwa kunong'ona. Alipoinuka, Lyle aliuliza jambo moja tu.

"Ziko wapi sasa hivi? Zenyewe, karatasi."

"Hapo nyuma," Twyla alisema. "Stoo ya chuma, sanduku lenye lakiri. Sheria inataka zikae miezi ishirini na miwili."

"Halafu?"

"Halafu linakuja lori la kusaga."

Tangu hapo alikuja kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Mwanzoni alitafuta sababu: namba za gari, kodi ya shamba, leseni ya mbwa ambaye tayari alikuwa nayo. Baadaye aliacha kutafuta. Aliingia, akaweka kofia juu ya kaunta, akauliza, "Bado zipo?" Nami nikajibu, "Bado zipo, mzee Lyle." Wakati mwingine alileta mikate ya nyama na kabichi aliyooka mwenyewe kwa maelekezo ya Verna, migumu kama matofali ya kuchoma. Twyla alimwambia hatuna ruhusa ya kupokea zawadi. Lyle akasema hiyo si zawadi, ni adhabu. Tukaila.

Niliwahi kumuuliza kama huwa anakwenda makaburini.

"Nakwenda. Kule kuna jiwe na jina lililochongwa na mashine ya mtu wa mjini." Akapapasa ubao wa kaunta kwa kiganja. "Mkono wake uko hapa."

Nilikuwa naota ile R. Naomba unielewe, kitu nilichobeba hakikuwa siri ya serikali. Kilikuwa maneno machache ya mwanamke aliyenifundisha kazi, na mtu pekee aliyeyataka alikuwa anasimama mbele yangu kila mwezi akinuka kabichi. Kila mara alipotoka, meno yaliniuma kwa kuyakaza.

Jumatatu ya kwanza ya Agosti ya mwaka wa pili Twyla alikwenda kwa daktari wa meno. Lyle aliingia saa nne asubuhi. Joto lilikuwa kali, mavuno yalikuwa yamekwisha, na alikuwa amekonda kiasi kwamba mkanda wake ulikuwa na tundu jipya lililotobolewa kwa msumari.

"Bado zipo?"

"Zipo. Mwezi huu na ujao kidogo."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuondoka.

Sijui niliamua saa ngapi. Najua vidole vyangu vilianza kuandika. Karatasi ziko kwenye stoo yenye funguo mbili, za watu wawili, lakini picha zake ziko kwenye kompyuta yangu. Kata ya Kumi na Moja. Saba. Nikafungua ya nne, nikashuka hadi mstari wa bodi ya makaburi. Maneno yakajaa kioo, makubwa, yakitetemeka. Lyle alikuwa upande wa pili wa kaunta akiuona mgongo wa kompyuta tu. Nikashika ukingo wa kioo. Kukizungusha kidogo kungetosha. Nilipoajiriwa niliapa mkono juu kwamba sitafanya hivyo, nami nilikuwa nafanya.

Kioo kilianza kugeuka. Lyle aliuona mkono wangu, kisha akaniangalia usoni, na akaelewa.

"Ni yake," alisema.

Sikukiachia kioo.

Akauweka mkono wake juu ya kaunta, karibu na kioo, kama mtu anayeota moto. Akainama mbele. Niliyaona macho yake yakianza safari. Kisha yakasimama, na akasimama yeye mwenyewe wima kuliko nilivyowahi kumwona.

"Mkono wake ulitetemeka?" akauliza. Halafu haraka, kabla sijafumbua mdomo, "La. Usinijibu."

"Mzee Lyle, ofisini tuko wawili tu."

"Naona." Alichukua kofia. "Miaka hamsini na mmoja ningeweza kuinuka kwenda kujimiminia kahawa nikachungulia. Kahawa ilikuwa nyuma yake, Renata, hatua mbili. Sikuchungulia. Kama ningechungulia angenigombeza mpaka Krismasi, na ningepatana naye. Nikichungulia leo nitagombezwa na nani?"

Nilikirudisha kioo. Nikaifunga ile picha. Nilikosea kitufe mara mbili kabla haijafungika.

"Mwambie Twyla nimepita," alisema. Mlangoni alisimama akiwa amenipa mgongo, muda mrefu, mkono kwenye kitasa. Nilijua akigeuka tu na kuomba, nitaifungua tena. Nadhani naye alijua, kwa sababu alitoka bila kugeuka.

Twyla aliporudi, shavu limevimba, nilimwambia nilichotaka kufanya. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaninyang'anya ufunguo wa stoo na ruhusa zangu za kompyuta kwa siku tisini, akaandika barua ikaingia kwenye faili langu, na baada ya kuitia saini aliniambia kwa mdomo uliokufa ganzi upande mmoja, "Hata mimi nimeshawahi kuifikiria." Hatukuzungumza tena habari hiyo.

Lori la kusaga lilikuja wiki ya pili ya Septemba, Alhamisi, saa tatu. Ni lori jeupe lenye kinywa ubavuni, na kaunti ndogo kama yetu linaimaliza chini ya nusu saa. Sheria inataka tushuhudie mimi na Twyla, tuzihesabu lakiri, tutie saini. Lyle hakuambiwa siku. Lakini tulipotoka na toroli la kwanza alikuwa ameegesha gari lake chini ya kivuli cha jengo, ameketi ndani, madirisha yameshushwa.

Twyla alimwona. Akalisimamisha toroli.

"Lyle, utakaa huko au utakuja?"

Alikuja. Alisimama kando ya Twyla, si karibu sana, kofia mkononi. Masanduku yalikuwa ishirini na mawili. La kumi na nne lilipoinuliwa, Twyla akasema, bila kumwangalia, "Hilo." Hilo tu. Dereva alilipindua kinywani, mashine ikanguruma kama ilivyonguruma kwa mengine, na vipande vikaonekana kwenye kidirisha, vyembamba, vyeupe, vikirukaruka, kisha vikafunikwa na vya sanduku la kumi na tano.

Lyle alibaki hadi mwisho. Aliuliza vile vipande vinakwenda wapi. Dereva akasema vinakwenda kutengenezwa katoni za mayai.

"Angependa hivyo," Lyle alisema. "Alikuwa na kuku."

Jioni ile picha zikafutwa pia. Twyla alifungua kwa ruhusa zake, akakaa pembeni yangu nikibonyeza. Kwa hiyo sasa haipo karatasi, na picha haipo. Mahali pekee yalipobaki maneno yale ni kichwani mwangu, na nitakuwa mkweli: neno moja la katikati limeanza kunitoka. Nalala nikilitafuta. Siwezi kuliandika popote nisije nikaacha maneno yake mikononi mwa watu, na siwezi kumuuliza mtu yeyote.

Jumatatu ya kwanza ya Oktoba sikutegemea kumwona. Alikuja. Hakuwa na mikate wala karatasi. Aliweka kofia juu ya kaunta, nami nikaona kwamba swali lake la miezi yote halina tena mahali pa kwenda. Twyla alijifanya anatafuta faili.

Lyle aliniangalia kwa muda. Hakuwa anaangalia macho yangu, alikuwa anaangalia juu kidogo, hapa kwenye paji la uso.

"U mzima, Renata?"

"Mzima, mzee Lyle."

"Unalala vizuri? Unakula?"

"Nakula."

"Vizuri," alisema, akavaa kofia. "Jitunze basi."